Miguu ya Lenzi ya Padre

Padre aliyeniachia ile lenzi hakuniachia miguu yake, kwa sababu miguu ilikuwa imeliwa na mchwa. Alinipeleka mwenyewe hadi stoo ya misheni, akafungua mlango, na pale pembeni alipokuwa ameisimamisha stendi yake mwaka mzima bila kuigusa, tukakuta kichuguu kidogo cha udongo mwekundu na bolti chache zimelala juu yake. Mbao zote tatu zilikuwa zimekwisha. Padre alizitazama zile bolti, akacheka mpaka akakohoa.

"Wamekula vizuri," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mti wa kwetu Ulaya. Labda ulikuwa mtamu."

Alikuwa anarudi kwao kwa sababu ya macho. Kwa miaka mingi alikuwa akipiga picha za ndege, na mimi ndiye niliyezisafisha katika chumba cha giza cha mjomba wangu mjini Kisii. Mjomba alikuwa na studio ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule bila kupata nafasi ya kuendelea, mjomba akanichukua nimsaidie. Ndege wa padre walipojitokeza kwenye sinia la dawa, kwanza jicho, kisha mdomo, kisha manyoya, nilikuwa na maswali chungu nzima, na padre akirudi kuchukua picha zake nilimmiminia yote. Nadhani ndiyo sababu alinipa mimi kamera yake na ile lenzi, wala si mtu mwingine.

Lenzi ilikuwa ndefu kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko, na nzito kama mtoto anayeanza kukaa. Ukiielekeza ng'ambo ya bonde, mama anayechuma majani chai kule anakuja karibu mpaka unaona fundo la kitambaa chake. Lakini ilikuza kila kitu, hata mapigo ya moyo wako mwenyewe. Nikiishika mikononi, yule mama alirukaruka kama amekanyaga siafu.

Sikuitaka kwa ajili ya wachumaji chai. Nilikuwa na swali langu, na swali hilo lilikuwa Manga.

Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa na shamba upande wa Nyamira, chini kabisa ya jabali la Manga. Juu ya mwamba ule, mahali pasipofika mtu, tai wawili weusi walikuwa na kiota. Ukisimama uani kwa bibi ulikiona kama mzigo wa kuni uliosahauliwa ukingoni mwa jabali. Mwaka ule jirani yake mmoja, mzee mkali lakini mwadilifu, alikuwa amepoteza vitoto vya mbuzi mara kwa mara, na alikuwa ametangaza kwamba mvua zikikatika atashuka kwa kamba na vijana wa ukoo wake akakichome kile kiota.

"Tai yule anakula pimbi," bibi alimwambia mbele yangu. Pimbi ni wale wanyama wa kwenye miamba, wakubwa kama sungura, wasio na mkia. "Nimeishi chini yake tangu nilipoolewa hapa."

"Umemwona akila?"

"Nimeona mifupa ikianguka."

"Mifupa ya mbuzi nayo huanguka," jirani akajibu, akaenda zake.

Hakukuwa na aliyewahi kuona kwa macho yake kile tai alichopeleka kiotani. Wote wawili walikuwa wakibishana juu ya kitu kilichoko mbali kuliko macho yao, na mimi sasa nilikuwa na macho ya padre. Nilitaka sana kujua. Sikuwa upande wa bibi wala wa jirani. Nilitaka tu kujua.

Basi nilichukua stendi ya aluminiamu ya studio, ile nyepesi ambayo mjomba aliibeba kwenye harusi, nikapanda nayo basi hadi Manga. Nilipiga filamu nzima. Niliporudi na kuisafisha, kila tai alikuwa na pacha wake. Jabali lenyewe lilikuwa na ukungu wa mistari, kama limefutwa na kitambaa kichafu.

Mjomba aliinua moja ya picha zile kwenye mwanga.

"Umepiga picha ya upepo," akasema. "Na umeipiga vizuri."

Nilikasirika, lakini usiku ule nililala nikifikiria. Kwani nini hasa kilichotikisika? Mimi sikuigusa kamera. Nilitumia waya wa kufyatulia. Upepo ulikuwa mdogo. Kama kuna kitu kilichokuwa kikicheza, kilicheza kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Kitu kisichoonekana nitakiangaliaje?

Jibu lilinijia asubuhi nikimshikia mteja kioo ajichane. Jua liliingia dirishani, likapiga kioo, na duara dogo la mwanga likaruka hadi ukuta wa duka la ng'ambo ya barabara. Niliposogeza kidole kidogo tu, lile duara lilikimbia ukuta mzima. Nikamwacha mteja na kitana mkononi, nikaenda kutafuta kipande cha kioo kilichovunjika.

Nilikibandika mbele ya lenzi kwa plasta, nikaiweka lenzi kwenye stendi karibu na dirisha, na duara la mwanga likatua ukutani kule ng'ambo. Nikafyatua kamera. Duara lilitetemeka kama jani la mgomba, likaendelea kutetemeka, likachukua muda mrefu mno kutulia. Lori lilipopita barabarani, likatetemeka tena. Nikamwita mjomba.

"Hiyo ndiyo stendi yako ya harusi," nikamwambia.

Alitazama kwa muda. Kisha akaigonga stendi kwa ukucha, tena na tena, akiangalia ukuta kama mtoto. Wateja wawili walisimama nyuma yetu nao wakatazama. Chini barabarani watu walianza kuinua shingo, wakidhani kuna mchezo.

Kwa wiki ile yote tulipima kila kitu chenye miguu. Stendi kubwa ya studio, ile ya chuma yenye magurudumu, duara lake halikutikisika hata kidogo, lakini ilihitaji wanaume wanne kuishusha ngazi. "Basi mlete tai hapa," mjomba akanishauri. Nilijifunza kwamba ukipandisha ule mlingoti wa katikati ili kamera iwe juu, umesimamisha mguu mmoja juu ya mitatu, na kazi ya ile mitatu umeiharibu. Nilijifunza kwamba mguu unaochomoka vipande vinne ni mwembamba zaidi kwenye kipande cha chini kabisa, pale panapogusa ardhi, na kwamba kila kiungo ni mlango ambao mtetemo huingilia. Mfuko wa mawe ukiuning'iniza katikati husaidia, mradi usiuache ubembee.

Na nilijifunza juu ya kichwa, kile kifaa cha juu ya miguu ambacho kamera hushikizwa na kugeukia. Hapo mwanzo sikujua kwamba kichwa ni jambo jingine kabisa, kwamba miguu inaweza kuwa ya tembo na kichwa kikawa cha kuku. Kile kichwa kidogo cha stendi ya harusi hata nikikikaza mpaka vidole viume, duara la mwanga lilishuka ukutani polepole, polepole, kama mzee anayesinzia kanisani. Lenzi ilikuwa ikikilemea.

Mjomba, ambaye sasa alikuwa ameingiwa na tamaa ya kujua kuliko mimi, alileta kichwa cha gololi kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kisumu. Kilikuwa kizuri kwelikweli: gololi ya chuma ya ukubwa wa ndimu ndani ya kikombe chake, na skrubu moja tu ya kukazia. Ukikaza, duara linatulia tuli. Nilishangilia. Kisha nikalegeza skrubu ili niigeuze lenzi, na lenzi yote ikaanguka ubavuni kama ng'ombe aliyechinjwa, stendi ikainuka mguu mmoja, na mimi nikaidaka kwa kifua. Nilikaa na alama nyeusi kifuani kwa siku nyingi.

"Hicho kinafaa kamera ndogo," mjomba alisema akinisaidia kuketi. "Hii ni fahali: ukimwachia kamba kidogo, anakimbia na zizi."

Ndipo akaja mpima ardhi.

Ilikuwa miaka ile ambapo mashamba yetu yalikuwa yakipimwa na kuwekewa mipaka, na wapimaji walikuwa kila kilima na vyombo vyao. Huyu alikuwa kijana wa Nyacheki, mpole, amevaa kofia pana. Alipanda kupigwa picha ya kitambulisho, akaegemeza mzigo wake mlangoni. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia atazame mbele, halafu mimi mwenyewe nikawa natazama mlangoni. Mzigo wake ulikuwa miguu mitatu ya mbao, mipana, kila mguu na ncha ya chuma chini na mahali pa kukanyagia ili izame ardhini.

"Picha imekwisha?" akaniuliza baada ya muda.

"Bado. Hiyo miguu ni ya nini?"

"Ya darubini ya kupimia. Inataka kitu kisichotikisika. Ukikosea unywele hapa, kule mbali umempa mtu shamba la mwenzake."

Nilimwomba aniruhusu niipime. Hakuelewa, lakini aliruhusu. Tukaisimamisha dirishani, tukaishikiza lenzi juu yake kwa kamba na misumari, kioo kikatupa duara lake ukutani. Nikaigonga miguu. Duara liliruka mara moja, likatulia, kana kwamba mbao zilikuwa zimeumeza ule mtetemo. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Likatulia tena. Mpima ardhi alivua kofia akaja karibu.

"Kumbe," akasema. "Mimi huibeba kila siku, na sijawahi kuiona ikifanya kazi."

Nilimweleza habari za tai. Alisikiliza yote, kisha akasema hawezi kunipa kwa sababu si yake, ni ya serikali, ila mkubwa wake hakatai ikiazimwa siku isiyo ya kazi, na yeye ni Msabato, kwa hiyo tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi miguu ile hukaa bure nyumbani kwake Kiogoro.

"Lakini Jumamosi usiifanyishe kazi," akaongeza, uso ukiwa wa kweli kabisa.

"Miguu pia inashika Sabato?"

"Iko nyumbani mwangu. Kila kilichomo nyumbani mwangu kinapumzika."

Sasa nilikuwa na miguu, na sikuwa na kichwa. Nilikuwa na picha akilini ya kitu nilichokitaka: lenzi igeuke kila upande kwa kidole kimoja, na nikiiachia, ibaki pale pale nilipoiachia. Sikujua kitu cha namna hiyo kinafananaje. Nilikiona Ogembo, siku mjomba aliponituma kupeleka picha za shule fulani. Basi lilikuwa halijafika, nikakaa kibandani kwa fundi wa baiskeli. Alikuwa ameigeuza baiskeli juu chini, anapima gurudumu la mbele. Alilizungusha, likazunguka, likapunguza mwendo, likasimama, likarudi nyuma kidogo, vali, ile ya kutilia pumzi, ikaishia chini. Alilizungusha tena, na tena vali ikaishia chini.

"Kwa nini linarudi pale pale?" nikamwuliza.

"Upande wa vali ni mzito. Kizito hutafuta chini."

"Na kama hakuna upande mzito?"

"Litasimama popote utakapoliacha."

Nikainuka. Nikatazama foko, ile mikono miwili ya chuma iliyolishika gurudumu, na ile shingo yake inayogeuka kulia na kushoto. Nikamwambia, "Fundi, ukitoa gurudumu, ukaweka mzigo mahali pake, mzigo ambao hauna upande mzito?"

"Mzigo gani?"

Nikamchorea mavumbini kwa kijiti. Foko isimame mikono juu, shingo ikae ndani ya bomba lenye gololi zake ili igeuke. Lenzi ikae kati ya mikono miwili, kwenye ekseli, ule mhimili ambao gurudumu huzungukia, iinuke na kuinama. Fundi alichuchumaa juu ya mchoro wangu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini, na kwanza alitikisa kichwa.

"Ekseli ikipita chini ya lenzi, itapinduka," akasema.

"Basi ipite katikati yake."

"Katikati kuna vioo. Utaitoboa?"

Fundi akachukua ukanda wa bati nene, akauzungusha kwenye kopo la grisi kama mtu anayevisha pete, akashika pete ile kwa vidole viwili, kila upande kimoja, na kopo likabembea katikati.

"Tutaivisha mshipi," akasema. "Vishikio vitoke kwenye mshipi, huku na huku."

Nilirudi wiki iliyofuata na lenzi imefungwa ndani ya blanketi. Tuliifunga kamba, kamera ikiwa imeshikizwa nyuma yake, tukaisogeza mbele na nyuma mpaka ikaning'inia bila kuinama kokote, tukatia alama ya chaki. Hapo ndipo mshipi ukakaa, na kipande cha tyubu kuukuu ndani yake ili bati lisiikwaruze lenzi. Foko ilitoka kwenye baiskeli ya kubebea mizigo, akaipanua mikono. Chini ya bomba akaweka sahani ya chuma na bolti nene ya kupita kwenye tundu la stendi ya mpima ardhi, kwa maana tundu lile lilikuwa pana na skrubu za kamera ni nyembamba kama kidole cha mtoto.

Tulipomaliza, niliisukuma lenzi kwa kidole. Ikainuka kidogo, ikabaki. Nikaisukuma kushoto. Ikabaki. Fundi naye akaisukuma. Kisha akachungulia ndani yake, akaielekeza kilimani, akaigeuza taratibu kama anayesoma.

"Kuna mtu anaezeka paa kule," akasema mwishowe. "Ana misumari mdomoni."

Ijumaa ile nilishuka Manga jioni na miguu ya mbao begani. Bibi alinipokea kwa kuniita baba, ambalo kwetu Kigusii ni jina la mama na la kila mwanamke unayempenda, akanitazama nikikanyaga ncha za chuma ardhini uani mwake, akauliza kama ninapima shamba lake. Nilimweleza. Alifurahi. Lakini jua lilipokuwa linazama alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimejifanya kulisahau: yeye pia ni Msabato.

"Kesho hakuna kupiga picha hapa," akasema.

"Bibi, sisi hatushiki Jumamosi."

"Nyinyi ni nyinyi. Ua huu ni wangu."

"Na kutazama?"

Alifikiri. "Macho hayajakatazwa. Aliyeumba ndege alitaka watazamwe."

Kwa hiyo Jumamosi nzima nilikaa nyuma ya lenzi bila filamu ndani ya kamera, ili nisishawishike. Nilimwona yule tai jike kama ambavyo sijapata kumwona kiumbe yeyote: weusi wake una rangi ya kahawia ndani, nyusi za njano, mstari mweupe mgongoni akifungua mabawa. Nilimwona kinda, mweupe mchafu, mdomo mkubwa kuliko akili. Duara la mwanga ukutani lilikuwa limenifundisha kungoja, na jabali halikutikisika. Mambo madogo sana yalionekana: inzi juu ya mguu wa kinda, unyoya ulionaswa kwenye kijiti ukipepea.

Bibi aliporudi kutoka kanisani alikuja nyuma yangu bado amevaa gauni lake la ibada. Nikamwachia nafasi. Aliinama, akachungulia, akarudi nyuma haraka kama aliyeguswa, akachungulia tena.

"Ni mama mzuri," akasema. "Angalia anavyomkinga jua."

Alikuwa bado anatazama tai dume alipokuja kutoka upande wa mto, ameshika kitu. Mimi niliona kwa macho matupu kitu chekundu tu. Bibi aliona kwa lenzi. Akasema kwa sauti ndogo:

"Huyo ni kuku wangu."

"Bibi, una hakika?"

"Kwani simjui? Yule mwenye shingo tupu. Asubuhi nimemtafuta kumpa mahindi."

Nilitaka kucheka na niliogopa kucheka. Bibi alinyooka, akatazama jabali, akatazama banda la kuku, akaanza kucheka yeye, kwanza kidogo, kisha akashika kiuno. "Miaka yote hii namtetea!" akasema. "Miaka yote!"

Na sikuwa na picha. Jambo la kushangaza kuliko yote niliyoyaona pale lilitokea siku ambayo kupiga picha hakuruhusiwi.

Jumapili nilikosa misa. Bibi alisema Jumamosi yake nimeiheshimu, Jumapili yangu ni juu yangu. Nilianza mapambazuko, na tai wote wawili walifanya kazi tangu jua lilipopasha moto mwamba. Kila waliporudi niliwafuata na lenzi kwa kidole, ile foko ikigeuka kwa grisi ya Ogembo bila sauti, nikafyatua walipotua. Pimbi. Mchana tena pimbi. Alasiri, jirani yule alipita kando ya ua akaona chombo changu, akasimama. Bibi akamwita.

"Njoo utazame mwenyewe," akamwambia. "Halafu nina neno la kukuambia."

Alitazama muda mrefu, mikono nyuma. Kiotani pimbi mmoja alikuwa amelala chali, miguu yake mifupi juu, na tai alikuwa anamnyofoa vipande vidogovidogo kumlisha kinda. Mtu hawezi kumdhania pimbi kuwa mbuzi kwa umbali ule ulioletwa karibu hivyo.

"Ni neno gani?" jirani akauliza bila kuondoa jicho.

"Jana alichukua kuku wangu. Nimemwona kwa macho yangu."

Mzee aliinua kichwa, akamtazama bibi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza bibi. Angeweza kunyamaza, nami ningenyamaza naye.

"Unaniambia kwa nini?"

"Ili nikikuambia kwamba mbuzi sijaona, uniamini."

Yule mzee alichungulia mara moja tena, akashukuru, akaondoka. Kwa muda mrefu hatukujua ameamua nini. Mvua zilikatika, na hakuna kamba iliyoshushwa. Baadaye alikuja mwenyewe kwa bibi kusema kwamba amewakuta mbwa wawili wasio na mwenyewe, waliokuwa wakikaa kwenye korongo chini ya sokoni, wakimburuta kitoto cha mbuzi alfajiri. Bibi alimwandalia chai, wakazungumza habari za mahindi.

Picha ya Jumapili mjomba aliikuza mpaka ikawa kubwa kuliko sinia la dawa, akaitundika kwenye kioo cha mbele kati ya bwana arusi na darasa la kipaimara. Hakuna tai mwenye pacha humo. Ukikaribia unaona kucha za pimbi. Watu walisimama barabarani kuitazama, na wengine walipanda ngazi kuuliza kama wanaweza kupigwa picha pamoja na ndege yule.

Mwaka uliofuata mpima ardhi alihamishwa Bonde la Ufa na miguu yake ikaenda naye. Alikuja kuniaga, akaniruhusu niichore kwanza: upana wa kila mbao, urefu, mahali bolti zinapopita. Nikapeleka mchoro kwa seremala, naye akanipangia mbao zilizokauka, akitaka nichague. Alifikiri nitachagua kwa rangi. Mimi nilizisimamisha moja moja juu ya jiwe, nikaegemeza sikio kwenye ncha ya juu, nikamwomba agonge chini. Nyingine ziliimba. Nyingine zililia kidogo zikanyamaza. Nikachukua tatu zilizonyamaza mapema.

"Watu hutaka mti wenye sauti," seremala akasema.

"Hao wanataka ngoma," nikamjibu. "Mimi nataka miguu."

Alicheka, akachukua randa, akaanza na mguu wa kwanza.